Rangi ya Namba Saba

Namur, 11 Oktoba 1998

Tantine Agathe,

Salamu za kwanza ni zako, kisha za Babu, kisha za Tonton Edouard na Gisèle. Mimi ni mzima. Baridi imeanza, lakini chumba changu kina joto, na mwenye nyumba ameacha kupika kabeji kila Jumapili, kwa hiyo sina la kulalamika. Redio inasema mji wa Bukavu umetulia. Mwezi wa nane pia ilisema hivyo, ndiyo maana nasubiri barua yako.

Hii naituma kwa mkono wa Padre Modeste, anayepitia Bujumbura. Isomeni sebuleni kama kawaida yetu, Babu akiwa kwenye kiti chake, kwa sababu swali ni lake.

Niliwahi kukuandikia kuhusu wazee ninaowasaidia siku za Jumamosi kwenye ateliye, karakana yao. Wako kumi na tisa, wote walifanya kazi kwenye reli, na kwa miaka kumi na mmoja wamekuwa wakitengeneza kichwa cha treni cha mvuke. Si kufufua cha zamani. Ni kipya, kuanzia skrubu ya kwanza, kwa kufuata michoro waliyoikuta ndani ya sanduku la kampuni iliyofungwa. Mwezi uliopita waliwasha moto kwa mara ya kwanza, kikatembea mita arobaini na kurudi. Sasa ni chuma kitupu kinachongoja rangi.

Jumamosi iliyopita mwenyekiti, Bwana Guy, alieleza kwamba kwa michoro ile ilitengenezwa mashini moja tu, namba saba, na ilipelekwa Kongo mwaka 1955 ikiwa vipande, ikaunganishwa kwenye reli ya Uvira na Kamanyola. Picha zilizobaki ni nyeusi na nyeupe. Yeye anataka ipakwe kijani, kama treni za huku. Wengine wanataka nyeusi. Kwa miaka miwili mimi sijasema neno katika mkutano wao. Kazi yangu ni kupiga msasa na kufagia. Siku hiyo nilinyosha mkono. Nikasema kwamba namba saba ilipakwa na babu yangu.

Tantine, wazee kumi na tisa waligeuza viti kunitazama. Watapiga kura Jumamosi ya mwisho ya Machi, na wameahidi kufuata neno la Babu likija kwa maandishi. Tena wamesema mshika brashi nitakuwa mimi.

Kwa hiyo, Babu: ilikuwa na rangi gani?

Wenu,
Pascal


Bukavu, 22 Novemba 1998

Pascal mwanangu,

Barua yako ilifika tarehe 14, ikiwa imefunguliwa njiani na kufungwa tena kwa gundi nzuri kuliko yako. Sisi tuko. Umeme unakuja siku mbili kwa juma. Shule inaendelea, darasani mwangu wanakuja watoto thelathini na wanane kati ya sitini na mmoja. Tonton Edouard alirudi nyumbani Jumatano. Gisèle amekuwa mrefu kuliko mimi na anaomba picha ya theluji.

Niliisoma sebuleni. Placide alikuwepo, yule katekista jirani yetu. Nilipofika kwenye swali, Babu yako alivua kofia, akaiweka gotini, akaniamuru niandike neno kwa neno:

"Mujukuu, ile mashini niliipaka mimi, peke yangu, Pasaka ya 1955. Siku tatu. Mashini inapakwa wakati ateliye imefungwa, moto umezimwa, hakuna mutu wa kufagia, kwa sababu vumbi ikiingia kwenye rangi mbichi haitoki tena. Ilikuwa vert. Vert ya majani ya muhogo kiisha mvua. Waambie hao wazee vile."

Hilo ndilo jibu lake. Jioni alikula vizuri, akamweleza Placide mara mbili jinsi ya kupaka mizunguko ya magurudumu bila kuacha alama ya brashi. Placide alisikiliza mara zote mbili.

Tunakuombea kila siku.

Tantine wako,
Agathe

(Karatasi ndogo, ndani ya bahasha hiyohiyo)

Pascal, hii isome peke yako kisha uichane.

Mashini haikuwa ya kijani. Ilikuwa nyekundu ya tofali, kutoka bomba la moshi hadi ngazi ya nyuma.

Babu yako hawezi kutofautisha rangi hizo mbili. Alizaliwa hivyo. Mke wake, mama yangu Bulonza, ndiye aliyekuwa macho yake. Makopo yalifika Kamanyola bila karatasi, na yeye aliyafunga uzi wa mgomba: fundo moja kwa kijani, mafundo mawili kwa nyekundu ya kuzuia kutu. Ateliye nzima hakuna aliyejua maana ya nyuzi zile. Pasaka hiyo mama alikuwa kijijini Miti kwa wazazi wake, kujifungua. Mtoto alikuwa mimi. Mvua iliingia stoo, nyuzi zikaoza, na Philémon, kapita aliyewasimamia kazini, akidhani ni za kubebea makopo, alizifunga upya alivyotaka. Babu yako alipapasa, akakuta fundo moja, akapaka siku tatu.

Jumanne wafanyakazi walirudi wakaiona. Philémon, aliyekumbuka zile nyuzi na kuelewa, alisimama mlangoni akawaambia, "Anayetaka kucheka akachekee kwenye mto Ruzizi." Shefu, mkubwa wa ateliye, alipofika na kuuliza, Philémon alisema yeye ndiye aliyeagiza rangi ile kwa sababu kijani haikutosha. Mashini ilihitajiwa siku hiyohiyo kubeba pamba, haikupakwa tena. Philémon aliondolewa ukapita, akapelekwa kubeba mataruma ya reli miaka mitatu, hadi reli ilipofungwa. Wote walikubaliana Barthélemy, babu yako, asiambiwe.

Mama alinieleza haya mwaka 1987, wiki moja kabla ya kufa, na akaniachia kazi ya kuyatunza. Baada ya reli Babu yako alipaka mabango ya maduka ya Bukavu miaka ishirini na mitano, mama akiwa pembeni yake. Watu walidhani anamshikia ngazi.

Wazee wako waambie utakavyoona. Lakini yeye ana miaka sabini na sita, na kitu pekee ambacho vita haijamwondolea ni kwamba alikuwa mpakaji rangi wa kweli. Asijue. Barua za Ulaya zinasomwa mbele yake, kwa hiyo ukijibu, tumia karatasi mbili kama mimi.

A.


Namur, 9 Januari 1999

(Karatasi ndogo)

Tantine,

Karatasi ya sebuleni ni ile ndefu yenye habari za theluji na picha aliyoomba Gisèle. Hii ni yako.

Nimefanya kosa. Bahasha yako niliipokea mkutanoni. Padre aliileta hapo hapo. Nikafanya tunavyofanya nyumbani: nikasimama, nikasoma mbele ya wote. Nilisoma vert, nilisoma majani ya muhogo, nikawaeleza muhogo ni nini. Bwana Guy alipiga makofi. Tayari wanasema pembeni mwa mashini watabandika kibao cha shaba chenye jina la Barthélemy Mugisho. Karatasi yako ndogo ilikuwa imekunjwa chini kabisa. Niliiona nikiwa chumbani, nikivua viatu.

Tangu siku hiyo nimekwenda ateliye mara tatu, na mara zote tatu nimesema naumwa kichwa. Siwezi kupaka kijani nikijua. Hawa watu walitafuta miaka miwili skrubu moja kwa sababu ile waliyoipata ilikuwa ya 1957. Lakini nikisema rangi ya kweli, wataniuliza kwa nini Babu alisema nyingine, na kibao kile kitakuwa kicheko.

Siri si ya Babu peke yake. Ni ya Philémon pia. Bado yuko hai? Ukiweza kumfikia, muulize kama anaruhusu isemwe huku, mbali, mahali ambapo Babu hatasikia. Akikataa, nitawaachia brashi yao.

Na Tonton Edouard alirudi kutoka wapi?

Pascal


Namur, 14 Februari 1999

Tantine,

Naandika nikiwa stesheni, juu ya goti. Kuna sista anayeondoka saa hii kwenda Kigali na kisha Bukavu, sikujua hadi asubuhi. Sina muda wa karatasi mbili. Nimeandika jina lako kwenye bahasha, na sista ameahidi kuikabidhi nyumbani.

Zimebaki wiki sita na sijapata jibu. Philémon anasema nini? Amekubali niwaambie kwamba namba saba ilikuwa nyekundu ya tofali, na kwamba Babu alikosea kwa sababu ya macho yake? Nisipopata neno lake nitanyamaza, na mashini itakuwa ya kijani hadi mwisho, na mimi sitaitazama.

Nisamehe haraka hii. Treni yake imefika.

Pascal


Kamanyola, 27 Februari 1999

Pascal mwanangu,

Usiogope mhuri wa Burundi. Barua hii inavuka na mfanyabiashara wa vitunguu hadi Bujumbura, itafika haraka kuliko zote. Niko Kamanyola tangu tarehe 11. Nyumbani nilisema nakwenda kwenye kilio. Nilikuwa nirudi baada ya siku mbili, lakini barabara ya mlima wa Ngomo imefungwa. Malori mawili yalichomwa na madereva hawataki kusikia habari ya kupita huko. Ninalala kwa Philémon. Ana miaka sabini na minane, mjane, analima mahindi yake mwenyewe na anakataa nimsaidie kuchota maji.

Kuhusu Tonton Edouard, usiulize katika barua.

Nilimweleza Philémon yote: mashini mpya, kura, kibao. Alitaka kujua kwanza kama wamerudia kosa la ngazi, maana ngazi ya namba saba ilikuwa juu mno na dereva mfupi alipanda kwa goti. Nikasema sijui. Akafikiri siku nzima. Jioni akaniambia:

"Kule Ulaya, useme. Rangi ni ile ilikuwa. Lakini Barthélemy, hapana. Miaka arobaini na ine tumemuficha, sasa anabakisha nini? Tumalize kazi yetu."

Kisha akanipeleka nyuma ya nyumba ya jirani. Reli ilipong'olewa watu walichukua mabati, na banda la kuku la jirani limezibwa kwa bamba lililokuwa pembeni mwa namba saba. Upande uliotazama ndani, chini ya kinyesi, rangi iko. Tuliosha kwa sabuni. Philémon alikwangua kwa kisu, na unga na vipande alivyotoa viko ndani ya bahasha hii, katika karatasi ya daftari.

Niliporudi na kipande kimoja kikubwa mkononi, mwanajeshi wa bariere, kile kizuizi cha barabarani, aliniuliza ni nini. Nikasema ni rangi. Akanusa. Akamwita mwenzake, naye akanusa. Akauliza, "Maman, inafanya nini?" Nikasema haifanyi kitu, tunataka tu kujua ilikuwa rangi gani. Walitazamana, wakaniruhusu kupita, nadhani kwa huruma.

Sasa una idhini na una ushahidi. Waonyeshe wazee wako hiki, uwaambie mzee wetu alisahau, umri umekwenda. Ni uongo mdogo, Babu yako hatausikia. Ila jambo moja: usiandike kitu nyumbani mpaka nirudi. Mimi sipo, na bahasha ya Ulaya ikifika itafunguliwa.

Tantine wako,
Agathe


Bukavu, 8 Machi 1999

Mujukuu wangu Pascal,

Mwenye kuandika ni Placide. Maneno ni yangu. Nimemukataza kuyatengeneza.

Salamu. Mimi niko muzima, ni magoti tu. Edouard iko kazini. Gisèle ametupikia chai. Agathe iko Kamanyola, alisema kuna kilio, lakini hakusema nani amekufa, na mimi sikuuliza.

Barua yako ililetwa na sista. Juu yake kuna jina ya Agathe, lakini katika nyumba hii barua ya Ulaya inasomwa siku inafika. Nilimwambia Placide afungue. Alisoma mistari mine, akaikunja. Nikamwambia, soma. Akasema, "Muzee, macho yangu imechoka." Placide iko na miaka makumi tatu. Nikasema, soma, ao namuita Gisèle. Akasoma yote.

Basi usikilize. Mimi najua. Najua tangu mwezi wa tano wa 1955.

Wanawake wa soko ya Kamanyola walikuwa wanaita namba saba Tofali. Tofali imefika, Tofali imechelewa. Nikauliza mumoja, kwa nini Tofali? Akacheka, alifikiri ninamufanyia mchezo. Nikaenda kuitazama mashini yangu. Nikatazama sana, asubuhi, saa sita, jioni. Mimi niliona vert. Lakini macho yangu niliijua tangu utoto, ndiyo maana Bulonza alikuwa anafunga zile nyuzi. Siku ile nilielewa kwa nini Philémon hakuwa kapita tena, na kwa nini alikuwa anabeba mataruma kwenye jua.

Ningeweza kwenda kwa shefu. Agathe alikuwa na wiki tano. Mutu asiyeona rangi hawezi kulipwa kwa kupaka rangi. Nikasema nitakwenda kesho. Nilisema hivyo miaka mitatu. Reli ikafungwa, tukapanda lori kuja Bukavu, na Philémon alitusindikiza mpaka kwenye lori. Akanipa kuku. Nikapokea ile kuku.

Bulonza alifikiri ananificha. Agathe anafikiri ananificha. Niliacha wanifiche, kwa sababu kufichwa ni rahisi kuliko kusema. Placide ameacha kuandika ananitazama. Andika, Placide.

Wewe ulisoma barua yangu ya kwanza mbele ya watu kumi na tisa. Na hii uisome mbele yao, wote wameketi, usiruke kitu. Uwaambie: Barthélemy Mugisho alisema vert, na alijua si vert. Ilikuwa rangi ya tofali. Jina yangu wasiandike popote. Kama wanataka jina, ni Philémon Cirhuza wa Kamanyola.

Barabara ikifunguka, nakwenda kumuona. Placide anasema muzee kama mimi hapandi lori. Ameyaandika pia, nimemsikia akinung'unika.

Mimi babu yako,
Barthélemy


Namur, 28 Machi 1999

Babu, na Tantine, popote mtakapoisomea hii,

Sitaandika karatasi mbili tena.

Vipande vya rangi vilifika tarehe 17. Barua ya Babu ilifika Alhamisi, tarehe 25. Ijumaa sikwenda kazini. Jumamosi nilisimama mbele ya wazee na kuisoma, wote wakiwa wameketi. Sikuruka kitu. Nilipofika kwenye kuku niliishusha karatasi, na mzee mmoja aliyekuwa dereva aliniletea maji, akaniambia nisiharakishe, hakuna treni ya kuwahi.

Nilipomaliza hakuna aliyecheka, Babu. Wala hakuna aliyesema neno la heshima kubwa, kama ulidhani watafanya hivyo. Waliuliza maswali. Mmoja aliuliza makopo yalikuwa ya lita ngapi. Mwingine aliuliza kama kweli ulipaka mashini nzima siku tatu peke yako, mizunguko ya magurudumu na yote, nikasema ndiyo. Akasema yeye angehitaji sita. Dereva aliuliza kama Philémon bado yuko hai. Nikasema yuko hai na analima.

Kisha wakapiga kura. Kumi na tatu walichagua tofali, watano kijani, na mmoja alikuwa amelala. Bwana Guy alichagua kijani. Baadaye alinijia na miwani yake ya kazi, akaomba vipande vile avipeleke kwa mchanganyaji rangi. Alisema kama ameshindwa kura, basi walau rangi isikosewe. Alivibeba kwenye kopo la pipi za koo, akalishika kwa mikono miwili.

Tunapaka kuanzia Ijumaa Kuu, ateliye ikifungwa. Nimewaambia ndivyo inavyofanywa.

Kuhusu kibao, wamekubali jina la Philémon. Wanataka kujua linaandikwaje hasa, na kama yeye mwenyewe anaridhia.

Tantine, najua nilikosa kuandika ile barua stesheni. Ningekuwa karibu ungenipiga kofi. Nitakuja kulichukua, barabara zikiruhusu.

Pascal


Kamanyola, 25 Aprili 1999

Pascal mwanangu,

Kofi liko, halina haraka.

Barua yako ilinifikia hapa tarehe 20, kupitia yule wa vitunguu. Nimeisoma kwa sauti nje ya nyumba ya Philémon, wazee wawili wakisikiliza. Maana Papa, babu yako, yuko hapa. Barabara ilifunguliwa tarehe 7, na tarehe 9 alishuka kwenye lori la simenti, mbele na dereva, kofia kichwani, akiwa mweupe wa vumbi hadi kwenye nyusi. Placide alikuwa naye. Hakuniamkia. Aliniuliza tu Philémon yuko wapi.

Alikuwa shambani. Papa alikwenda hadi kwenye mahindi. Philémon alifurahi, akataka kumletea kiti; Papa akakataa kukaa. Alisema yote akiwa amesimama. Mimi nilikuwa hatua kumi nyuma yao, na nakuandikia nilichosikia.

Philémon aliuliza, "Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tano."

"Mwezi wa tano wa mwaka gani?"

"Ule ule."

Philémon aliokota jembe lake akarudi kulima. Papa alibaki pale hadi jua lilipomchosha.

Siku mbili hawakusemezana. Nilipika sahani mbili, nikazipeleka pande mbili za nyumba. Placide alijaribu kusali nao pamoja. Philémon alimwambia asali na yule aliyekuja naye. Mimi nilikuwa na hasira yangu pia, Pascal, na sikujua nimwekee nani. Miaka kumi na miwili nimelinda mlango wa chumba ambacho mwenyewe alikuwa ndani akinisikiliza. Nilimwambia hivyo Papa. Alijibu kwamba mama yangu aliulinda zaidi ya miaka thelathini, na kwamba kila mwaka yeye alitaka kumwambia mama aache, akaogopa kwamba ataacha hata kumshikia ngazi. Nilimfulia shati.

Siku ya tatu, asubuhi, Philémon alikuja akakaa kwenye benchi alipokuwa Papa. Alisema bila kumtazama:

"Ile miaka mitatu, jioni bega ikiwaka, nilikuwa nasema, si kitu, Barthélemy hajui. Hiyo ndiyo ilikuwa inanisaidia kubeba. Sasa umenitolea hata hiyo."

Papa alisema, "Ndiyo."

Nilingoja aongeze kitu. Hakuongeza. Nadhani hilo ndilo lililomlegeza Philémon, kwa sababu baada ya muda aliuliza kama magoti ya Papa bado yanamsumbua, na Papa akasema la kushoto zaidi.

Kuhusu kibao, Philémon hataki jina lake peke yake. Anasema yeye ndiye aliyefunga zile nyuzi bila kuuliza, na kapita asiyeuliza anastahili kubeba mataruma walau mwaka mmoja. Miwili iliyobaki ni ya Barthélemy. Kwa hiyo majina yawe mawili au yasiwepo. Cirhuza inaandikwa kwa c. Tena anauliza kuhusu ngazi. Usiposema kitu kuhusu ngazi hatakuamini kwa mengine.

Niliporudi kutoka sokoni juzi nilikuta makopo mawili mbele ya nyumba, ya duka la hapa, na mlango wa Philémon umelazwa juu ya mawe. Papa alikuwa na brashi. Philémon alikuwa kwenye kile kiti ambacho Papa alikikataa shambani.

"Hii ni gani?" Papa aliuliza.

"Nyekundu."

"Na ile?"

"Vert. Lakini chovya kwenye ya kwanza. Na usiende mbio, hapa hakuna pamba ya kubeba."

Alipaka taratibu, kila mara akisimama kuuliza, na Philémon akimwambia pale palipobaki, pale palipozidi, na kwamba mkono wake umekuwa mzito kama wa mwashi. Jioni upande mmoja ulikuwa umekamilika. Mimi ninayeona rangi zote nakuambia ni nyekundu safi, haina alama hata moja ya brashi.

Kesho narudi Bukavu, darasa langu linaningoja, Placide anarudi nami. Nilimwambia Papa afunge mfuko wake. Philémon ndiye aliyenijibu. Amesema Papa haendi popote, mlango una pande mbili.

Tantine wako,
Agathe